Nani Anamlipa Bayeri? Miaka Hamsini ya Hifadhi na Kodi Munigi

Ukitoka Goma kwa barabara ya Rutshuru, kiwanja cha ndege kikibaki nyuma na mlima Nyiragongo ukikutazama mbele, hufiki mbali kabla hujaingia Munigi. Kwa vitabu vya serikali hiyo ni groupement moja ya chefferi ya Bukumu, katika teritwari ya Nyiragongo. Kwa macho ni mji uliokwisha kuvuka mpaka wake bila kuaga. Ardhi ni jiwe jeusi, moto uliopoa, lenye meno yanayokula soli za viatu. Nyumba ni za mbao zilizokalia msingi wa jiwe hilo, ua ni jiwe hilo hilo lililopangwa bila saruji, na kando ya njia wanawake huketi wakiliponda kuwa kokoto za kuuza. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Munigi jembe hugonga jiwe, na wageni wa Munigi hawajawahi kukaa siku mbili.

Wamekuja wakikimbia mlima, wamekuja wakikimbia bunduki. Wengine walitoka Rwanda, wengine Rutshuru, wengine mtaa wa pili tu ambao asubuhi ulikuwapo na jioni ulikuwa mto wa moto. Kila walipokuja, dunia iliuliza maswali mawili: watakula nini, na watalala wapi? Swali la tatu lilisahaulika. Pale watakapolala ni kwa nani, na mwenyewe analipwa na nani? Kwingineko ziko serikali zilizojibu swali hilo kwa karatasi, kuponi ya kodi ya nyumba. Kongo haijawahi kuwa na mpango wa namna hiyo. Lakini Munigi imeonja karibu kila kitu kinachokaribiana nao, na kwa kufuata historia yake mtu anaelewa kuponi inasimama juu ya nini na huanguka wapi.

Sheria mbili

Tuanze mbali kidogo, mwaka 1973, maana mwaka huo serikali mbili zilizokuwa marafiki zilikata mashauri mawili juu ya makao ya watu, na mashauri hayo hayakufanana hata kidogo.

Januari 1973, Washington, serikali ya Richard Nixon ilisimamisha miradi ya kujenga nyumba za ruzuku. Kwa miongo kadhaa Marekani ilikuwa ikijenga majumba ya umma kwa ajili ya maskini, na baadhi yake yalikuwa yamegeuka aibu: huko St. Louis, majengo ya Pruitt-Igoe, yasiyotimiza hata miaka 20, yalikuwa yameanza kubomolewa kwa baruti mwaka 1972. Wakubwa wakauliza: kwa nini serikali ijenge, kama nyumba za watu binafsi zipo na kinachokosekana ni uwezo wa kuzilipia? Tarehe 22 Agosti 1974 Gerald Ford, aliyekuwa na wiki mbili tu kwenye kiti cha urais, alitia saini sheria mpya, na ndani yake kilikuwamo kifungu kilichokuja kujulikana duniani kwa namba yake, Section 8. Kwanza zilitolewa hati, miaka ya 1980 zikaongezwa kuponi, na sheria ya mwaka 1998 ikaziunganisha kuwa kitu kimoja.

Utaratibu wake hauna uchawi. Familia yenye kipato kidogo hupewa kuponi na ofisi ya nyumba ya mahali inapoishi, kisha inakwenda yenyewe sokoni kutafuta nyumba. Ikiipata, ofisi hutuma mkaguzi kuangalia kama paa halivuji, umeme hauui, maji yanatoka. Halafu huangaliwa kama kodi anayotaka mwenye nyumba inalingana na bei ya eneo hilo. Mambo yakikubalika, mikataba huwa miwili: mpangaji na mwenye nyumba wanasaini wao kwa wao, na mwenye nyumba anasaini mwingine na ofisi. Mpangaji hulipa takriban asilimia 30 ya kipato chake, na ofisi humalizia kwa kumpelekea mwenye nyumba moja kwa moja, mwezi hadi mwezi. Fedha hizo hazipiti mkononi mwa mpangaji.

Figa moja haliinjiki chungu. Kuponi nayo inataka mafiga matatu. La kwanza ni mlipaji asiyekosa mwisho wa mwezi. La pili ni mwenye nyumba anayeweza kuonyesha kwamba nyumba ni yake. La tatu ni mwamuzi, yaani mkaguzi, sheria na mahakama, ambao pande zote zinawaogopa sawasawa.

Sasa tuje Kinshasa. Tarehe 20 Julai 1973, katikati ya enzi ya Mobutu, Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilipitisha sheria ya ardhi ambayo misingi yake ingeendelea kutumika kwa miongo mingi. Ilitangaza kwamba ardhi yote ni mali ya serikali, haiuziki wala haipotei kwa kupita kwa muda. Raia hupewa haki ya kuitumia, na anayetaka haki hiyo iwe imara hutafuta cheti cha usajili katika ofisi ya ardhi. Na ardhi za vijiji je, zile ambazo chefu alikuwa akigawa tangu babu na babu? Kifungu cha 389 kilisema kwamba haki za watu juu ya ardhi hizo zitapangwa na amri ya Rais. Miongo ikapita, marais wakapita, amri haikutoka.

Munigi iliangukia ndani ya ukimya huo. Mtu alinunua parseli kwa chefu au kwa jirani, akapewa karatasi ya mauzo yenye sahihi za mashahidi, akajenga. Mbele ya majirani alikuwa mwenye nyumba, mbele ya sheria alikuwa amekaa juu ya mali ya serikali akisubiri amri. Washington serikali iliacha kujenga ikaanza kuwalipa wenye nyumba. Kinshasa serikali ilitwaa ardhi na haikumlipa mtu. Figa la pili lilikuwa limetikisika Munigi kabla ya mgeni wa kwanza kubisha hodi.

Wageni laki nane

Mlima ulibisha kwanza. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava lililokuwa kileleni mwa Nyiragongo lilipasua kuta zake likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Lava yake ni nyepesi kama uji, ikakimbia mteremko kwa kasi ya gari, ikavikuta vijiji kabla watu hawajatambua kinachowajia. Waliookoka walihamia kwa ndugu. Hiyo ndiyo bima iliyokuwapo.

Julai 1994 ndipo jina la Munigi lilipotamkwa kwenye redio za dunia. Baada ya mauaji ya kimbari ya Watutsi nchini Rwanda, serikali iliyoyaendesha ilishindwa vita, na kati ya tarehe 14 na 18 Julai watu wapatao 800,000 walivuka mpaka kuingia Goma, raia wa kawaida wakiwa wamechanganyika na askari na wauaji. Walijaa barabarani, uwanjani, makaburini, kwenye vibaraza vya watu. Munigi ilikuwa miongoni mwa vituo vyao vya kwanza upande wa kaskazini. Tarehe 20 Julai kipindupindu kikathibitishwa. Katika mwezi wa kwanza wakimbizi wapatao 50,000 walikufa, na hapo jiwe likaonyesha ukatili wake wote: choo hakichimbiki, kaburi halichimbiki. Maiti zilivingirishwa kwenye mikeka na kupangwa kando ya njia mpaka matingatinga ya askari wa Ufaransa yalipokuja kufukua mashimo ya pamoja.

Baadaye wengi walipelekwa katika kambi kubwa za Kibumba, Katale na Mugunga. Kambi hizo zilidumu hadi vita vya mwishoni mwa 1996. Dunia ilimwaga maturubai, mahindi, maji ya malori. Lakini msaada uliofuata kambi haukujua njia ya kwenda kwa mwenyeji aliyekuwa amefungua mlango wake wiki ile ya kwanza. Yeye hakuwa mkimbizi, kwa hiyo hakuwa kwenye orodha. Hakuwa mwenye cheti, kwa hiyo hata ardhi yake ilipokaliwa hakukuwa na hati ya kumfanya adai kitu.

Wakati huo huo, kilomita chache kusini, soko jingine la nyumba lilikuwa likizaliwa. Mashirika ya misaada yaliyofika Goma yalihitaji ofisi, magodauni na vyumba vya kulala wafanyakazi wake. Yalitaka nyumba karibu na ziwa, zenye ukuta na lango, na yalikuwa na dola. Kodi za huko zikapanda, na zikaendelea kupanda kila vita vipya vilipoleta mashirika mapya. Himbi ikageuka mtaa wa majumba yaliyojengwa makusudi kwa mpangaji wa aina hiyo. Bayeri wa Himbi, maana ndivyo Goma inavyomwita mwenye nyumba kwa Kifaransa chake cha mtaani, alipata kile ambacho kila mwenye nyumba duniani huomba: mkataba wa maandishi, malipo ya miezi kadhaa mbele, na mlipaji ambaye si yule anayelala ndani. Kwa maneno mengine, kodi inayolipwa na mtu wa tatu haikuwa jambo geni Goma. Ilikuwapo tangu 1994. Ila ililipwa kwa ajili ya mwenye kuja kusaidia, haikulipwa kwa ajili ya mwenye kuhitaji kusaidiwa.

Jiwe linapotembea

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 17 Januari 2002, ubavu wa kusini wa Nyiragongo ulipasuka kuanzia juu ukishuka kuelekea mjini, na nyufa za chini kabisa zilifunguka karibu na Munigi penyewe. Wakazi wa mji waliokuwa wakitazama kilele waliletewa moto kutoka mlangoni. Mkondo mmoja ulifunika sehemu ya njia ya ndege. Mwingine ulipita katikati ya biashara, ukazimeza ghorofa za chini za maduka, ukaingia ziwa Kivu huku maji yakichemka. Takriban asilimia 13 ya mji ilifunikwa. Watu wapatao 120,000 walibaki bila makao.

Mamia ya maelfu walikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na mahali pengine. Mashirika yakaanza kutayarisha kambi upande wa Rwanda, na hapo watu wa Goma wakafanya jambo lililowashangaza wataalamu: baada ya siku chache tu wakarudi, wakikanyaga lava ambayo bado ilikuwa inafuka moshi. Walijua kambi ni nini. Walikuwa wameziona kwa macho yao kwa miaka miwili na zaidi.

Walirudi wapi, ikiwa nyumba hazipo? Kwa shangazi, kwa mkwe, kwa mtu wa kanisa moja, kwa mtu wa kijiji kimoja. Chumba cha watu watano kikawa cha watu kumi na mbili. Wengine walipanga. Serikali iliyokuwa ikitawala Goma wakati huo ilikuwa ya waasi wa RCD, Kinshasa ilikuwa upande wa pili wa mstari wa vita, na wala hii wala ile haikuwa na mfuko wa kumlipia mtu kodi. Mashirika yalitoa mbao, mabati, misumari na maturubai ili watu wajijengee. Ulikuwa msaada wa maana, na mitaa mizima ilisimama tena kwa nyundo za wenyewe. Lakini msaada wa kujenga una sharti lisiloandikwa juu ya ubao wowote: uwe na pa kuusimamisha ubao huo. Mwenye parseli, hata ikiwa chini ya lava, aliweza kuonyesha kwa kidole, akasawazisha jiwe kwa nyundo, akaanza upya mita mbili juu ya sakafu yake ya zamani. Mpangaji hakuwa na cha kuonyesha. Nyumba iliyoungua haikuwa yake, na vitu vilivyokuwa vyake vilikuwa ndani.

Katika janga lolote la namna hii mpangaji na bayeri hupoteza kwa njia mbili tofauti. Bayeri hupoteza jengo na kipato, lakini hubaki na mahali. Mpangaji hupoteza vyombo na ile garanti aliyoiweka alipoingia, na habaki na kitu cha kushika. Akienda kudai garanti yake, anamdai nani? Mtu ambaye naye amelala kwa mkwe.

Jetoni

Karatasi zilikuja mwaka 2008. Vita vya CNDP, kundi la waasi la Laurent Nkunda, vilikuwa vimesukuma watu hadi Kibati, jirani na Munigi, na mwishoni mwa Oktoba mwaka huo Goma ilitetemeka ikidhani itatekwa. Ni katika kipindi hicho ambapo UNICEF na wenzake walianza Kivu Kaskazini njia mpya ya kutoa vyombo vya nyumbani. Badala ya kumpa kila familia mzigo mmoja uliofungwa ghalani, sufuria ile ile na blanketi lile lile, waliandaa foire, yaani gulio. Wafanyabiashara wa mahali hapo walialikwa uwanjani na bidhaa zao. Wahamiaji, ambao Goma huwaita deplase, waliandikishwa, wakapewa kuponi zenye thamani ya fedha, wakaingia kuchagua na kubembeleza bei. Mama aliyehitaji godoro alichukua godoro, mwenye kuhitaji jembe alichukua jembe. Jioni wauzaji walihesabu kuponi na kubadilishiwa kwa fedha.

Njia hiyo ilienea, na lugha ya mtaa ikaimeza. Kadi au kikaratasi chochote cha kumfungulia mtu msaada kikawa jetoni. Kuwa na jetoni kukawa hali ya maisha, na kukosa jetoni kukawa malalamiko. Orodha zikawa siasa: nani ameandikwa, nani ameandikwa mara mbili, nani ameandikwa na ilhali hakukimbia popote.

Foire ilifaulu kwa sababu sufuria ni mali isiyo na maneno mengi. Muuzaji anakuja nayo, ni yake kwa sababu ameishika, anaitoa mara moja na hesabu inakwisha. Nyumba haibebwi kwenda uwanjani. Huwezi kuikagua kwa kuigonga kwa kidole kama sufuria, umiliki wake hauthibitishwi kwa kuishika, na bei yake hailipwi ikaisha: tarehe 30 inarudi, na tarehe 30 nyingine nyuma yake. Mfadhili mwenye bajeti ya miezi mitatu anaweza kununua sufuria elfu kumi. Akilipa kodi ya miezi mitatu, mwezi wa nne anamwacha mpangaji mlangoni, uso kwa uso na bayeri. Fedha taslimu zilipoanza kutolewa kwa upana zaidi katika miaka ya 2010, mtu aliweza kulipia paa akipenda, lakini fedha taslimu peke yake si mkataba na bayeri, na tatizo la mwezi wa nne lilibaki pale pale.

Novemba 2012 waasi wa M23 walishuka kwa barabara hii hii. Kambi ya Kanyaruchinya, kaskazini mwa Munigi, iliondoka nzima kwa siku moja, watu wakiwa na magodoro kichwani, na tarehe 20 Goma ikatekwa, ikaachiwa baada ya siku kumi na moja. Mwaka uliofuata mapigano yalirudi Mutaho, umbali wa kutembea kwa mguu kutoka Munigi. Mwenyeji aliyekuwa akihifadhi watu wiki hii, wiki ijayo alikuwa yeye anayehifadhiwa Goma mjini.

Miezi mitatu ya sheria

Tarehe 31 Desemba 2015 Kongo ilipata sheria mpya ya upangaji wa nyumba zisizo za biashara. Ni sheria nzuri kuisoma. Inataka mkataba wa maandishi, inaweka taratibu za notisi, na inasema garanti ya nyumba ya kukaa isizidi kodi ya miezi 3. Kwa mara ya kwanza mpangaji wa kawaida alikuwa na namba ya kutaja.

Mtaani namba hiyo ilikutana na komisyoneri, yule dalali anayejua vyumba vyote vilivyo wazi na anayetaka kodi ya mwezi mzima kwa kukuonyesha mlango. Ilikutana na dola, maana Goma huhesabu kodi kwa dola hata kwa mtu anayelipwa kwa faranga. Ilikutana pia na desturi ya kudai garanti kubwa zaidi, ambayo bayeri anaitetea kwa hoja isiyo ya kipuuzi: mpangaji akikimbia usiku kwa sababu ya vita, nitamfuata wapi? Ukweli ni kwamba garanti ya Goma si amana ya kulipia kioo kilichovunjika tu. Ni bima dhidi ya mlima na bunduki, inayolipwa na yule asiye na kitu kumkatia bima yule mwenye kidogo. Na pande mbili zikigombana, ofisi ya habitat, yaani ya makazi, au chefu wa mtaa huzipatanisha, kila mmoja akirudi nyumbani na nusu ya haki. Figa la tatu lilikuwapo kwenye gazeti la serikali. Jikoni lilikuwa halijafika.

Mlima tena, vita tena

Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, jioni, anga juu ya Munigi ikawa nyekundu bila onyo. Lava ilikata barabara ya Rutshuru, ikala vijiji kadhaa vya Nyiragongo, ikasimama Buhene, karibu kabisa na kiwanja cha ndege. Watu wapatao thelathini walikufa, maelfu ya nyumba yakateketea. Siku tano baadaye, ardhi ikiendelea kutetemeka, gavana wa kijeshi Jenerali Constant Ndima aliamuru mitaa kumi ya mji ihame. Watu laki kadhaa walikwenda Sake, Minova, Rutshuru na Rwanda. Safari hii Goma ilikuwa mikononi mwa serikali halali, jimbo likiwa chini ya hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa kijeshi, iliyoanza tarehe 6 Mei. Kama kuna wakati ambao kuponi ya kodi ingeweza kujaribiwa, ni huo: bayeri wenye vyumba vitupu walikuwapo mjini, familia zilizounguliwa zilijulikana kwa mtaa na kwa chefu, na janga halikuwa na adui wa kisiasa. Yakaja tena yaliyozoeleka: madarasa na makanisa, orodha, kisha vibanda vya muda kwenye maeneo ya kaskazini, Munigi, Kanyaruchinya na Kibati.

Vibanda hivyo havijazeeka ndipo M23 iliporudi. Bunagana ilianguka Juni 2022, Rutshuru mwishoni mwa Oktoba, na barabara ikamimina watu upya juu ya lava. Kwa miaka mingi deplase wengi wa mashariki mwa Kongo walikuwa wakiishi zaidi majumbani mwa watu kuliko kambini. Teritwari ya Nyiragongo sasa ilielemewa. Familia ambazo zenyewe zilikuwa kwenye vibanda vya mlima hazikuwa na chumba cha kumpa mtu wa vita. Maturubai meupe yakafunika jiwe jeusi kutoka Munigi hadi Kibati, yakipigiliwa kwa shida kwa sababu kigingi nacho hakiingii.

Kulikuwa na Wakongo waliokwisha kupata mpango wa kodi wa kweli, lakini bahari ilikuwa kati. Tangu miaka ya 2010 Wakongo walikuwa miongoni mwa wakimbizi wengi zaidi wanaopokelewa Marekani, wengi wao wakitokea kambi za Rwanda, Uganda, Burundi na Tanzania, na Kiswahili kikasikika kwenye vituo vya mabasi vya Louisville, Boise na Des Moines. Shirika la mapokezi liliwashika mkono kwa siku 90 za mwanzo, kodi ikiwemo. Baada ya hapo ilikuwa kazi ya kiwandani, na kwa wanaostahili, foleni ya kuponi ya Section 8. Hapo waligundua kwamba hata penye mafiga matatu chungu hakitoshi wote. Familia takriban milioni 2.3 zinaishi kwa kuponi hizo, lakini kati ya kila kaya nne zinazostahili msaada wa kodi wa serikali ya shirikisho, ni moja tu inayoupata. Foleni huchukua miaka. Na katika majimbo mengi mwenye nyumba anaruhusiwa kumwambia mwenye kuponi: hapana, sitaki ukaguzi wala makaratasi. Kuponi ni nusu ya ufunguo. Nusu ya pili iko mfukoni mwa mwenye nyumba.

Tarehe 27 Januari

Mwishoni mwa Januari 2025 vita vilishuka Kibati, vikapita Munigi, na usiku wa kuamkia tarehe 27 M23 wakaingia Goma. Tarehe hiyo hiyo, kwa amri aliyoitia saini Donald Trump wiki moja kabla, Marekani ilisimamisha upokeaji wa wakimbizi. Milango miwili ilifungwa siku moja bila mtu kupanga iwe hivyo.

Mabenki ya Goma nayo yakafunga. Hili lina uzito katika historia yetu kuliko linavyoonekana. Hata kama kungekuwa na kuponi, hata kama kila bayeri wa Munigi angekuwa na cheti cha usajili fremuni ukutani, mwisho wa Februari ungefika na hakuna dirisha la kwenda kulipwa. Hilo ni figa la kwanza, ambalo watu wa nchi zenye amani hulisahau kwa sababu halijawahi kuwatoka.

Februari wakuu wapya wa mji waliwataka deplase waondoke kambini ndani ya saa 72. Kambi zikavunjwa. Mbao zilipakiwa juu ya chukudu, zile skuta za mbao za kusukuma, maturubai yakakunjwa, na msafara mrefu ukaenda kaskazini kuelekea vijiji ambavyo wengi hawakujua kama bado vina paa. Wengine hawakuwa na pa kurudi, wakaingia tena mitaani, makanisani na majumbani mwa watu. Jetoni zao, zilizoandikwa majina ya kambi zisizokuwapo tena, zilibaki ndani ya mifuko ya plastiki pamoja na kadi za kliniki za watoto.

Basi swali lililoanza mwaka 1973 limerudi lilipoanzia. Munigi imepewa kuponi za sufuria, mbao, maturubai, vibanda na sheria ya miezi 3. Imeona mashirika yakilipa kodi za Himbi bila kukosa mwezi. Kilichobaki ni kuvikutanisha vitu hivyo: kumtambua mwenyeji wa Munigi kuwa ni bayeri, kuikubali karatasi yake ya mauzo kuwa ushahidi unaotosha, na kumwekea mlipaji wa mbali asiyetegemea benki ya mji unaoweza kutekwa. Mpaka hapo, mkataba unaotumika ni ule wa zamani. Mtu anabisha hodi jioni na mtoto mgongoni. Mama mwenye nyumba anatazama chumba, anahesabu waliolala humo, kisha anawaambia watoto wake wasogee.